Kutoka Majengo hadi Bamburi: Ziara ya Mji Kwenye Chimbuko Lake

Utangulizi

Mkazi wa Majengo, katika kisiwa cha Mombasa, akitaka kuwaona twiga, kiboko, mamba na samaki wa matumbawe, hana haja ya kufunga safari ya siku mbili kwenda bara. Akipanda matatu asubuhi, akavuka daraja la Nyali na kuifuata barabara ya Malindi, baada ya mwendo wa kilomita 10 hivi atakuwa amewasili Bamburi. Huko ipo Hifadhi ya Haller, msitu uliooteshwa ndani ya machimbo ya mawe. Karibu nayo upo ufuo unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa. Na kabla hajatoka kisiwani, upande wa Tudor, yapo matope ya mikoko ambayo wakazi wengi huyapita bila kuyatazama.

Makala haya yanakusudia kuzifafanua sehemu hizo tatu: machimbo yaliyogeuka msitu, ufuo na mwamba wake, na matope ya mikoko. Hoja inayoyaongoza ni hii: mji wa Mombasa umejengwa kwa vitu vilivyotolewa ufuoni. Miti yake ilikatwa matopeni, chokaa yake ilichomwa kutokana na matumbawe, na saruji yake ilisagwa kutokana na mawe ya Bamburi. Kwa hiyo, mzuru atokaye Majengo haendi kutazama mambo ya ugenini. Anakwenda kupaona mahali nyumba yake ilipotoka, na kupima iwapo kilichochukuliwa chaweza kurudishwa.

Kabla ya kuendelea, neno moja linahitaji kutengwa. Wengi huziita sehemu hizi zote "mbuga". Mbuga, kwa maana yake ya asili, ni uwanda mpana wa nyasi, na ndiyo maana jina hilo liliwakaa vyema wanyama wa Tsavo na Maasai Mara. Bahari si uwanda wa nyasi, wala machimbo ya mawe si uwanda. Hivyo makala haya yanatumia neno "hifadhi", ambalo hulenga kile kinachofanywa, yaani kuhifadhi, badala ya sura ya nchi.

Majengo na Vifaa vya Ujenzi

Jina la mtaa ni ushahidi wa kwanza. Majengo ni mahali palipojengwa, na mtaa huu ulikua katika karne ya 20 mji ulipopanuka nje ya Mji wa Kale. Nyumba zake za mwanzo zilikuwa za Kiswahili: ukumbi wa kati, vyumba pande mbili, ua wa nyuma na paa la makuti. Wengi wa wenye nyumba hawakumiliki ardhi iliyokuwa chini yake, bali waliilipia kodi. Wakawa na nyumba bila ya kiwanja.

Kiunzi cha nyumba hizo kilitoka katika misitu ya mikoko, na waliofanya biashara hiyo walikuwa na msamiati wake kamili. Mti mwembamba kabisa uliitwa fito. Ulioizidi fito kwa unene uliitwa pau, kisha zikafuata mazio, boriti na nguzo. Miti hiyo ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Nguzo zilisimikwa, fito zikafungwa kwa kukingama, na nafasi iliyobaki ikajazwa udongo na vijiwe. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale, boriti ndizo zilizobeba dari, nazo ndizo zilizoamua upana wa chumba. Kwa kuwa boriti nzuri haikuzidi sana mita 3, vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Msanifu hakuwa fundi peke yake. Mkoko nao ulikuwa na kauli.

Mawe nayo yalitoka baharini. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, imesimama juu ya jiwe la matumbawe na imejengwa kwa jiwe hilohilo. Chokaa ilipatikana kwa kurundika matumbawe juu ya kuni na kuyachoma hadi yawe unga. Mwaka 1951 ilianzishwa kampuni ya saruji ya Bamburi, na mwaka 1954 kiwanda chake kikaanza uzalishaji. Saruji ikachukua nafasi ya chokaa na udongo, na taratibu nyumba za Majengo zikabadilika kutoka fito hadi matofali, na kutoka makuti hadi mabati na ghorofa. Hata hivyo, asili ya kifaa haikubadilika. Saruji hiyo ilitokana na mawe ya chokaa yaliyochimbwa Bamburi, nayo ni matumbawe yaliyoishi zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, maji ya bahari yalipokuwa juu kuliko yalivyo sasa.

Hifadhi ya Haller: Timbo Lililogeuka Msitu

Kila mfuko wa saruji uliotoka Bamburi uliacha pengo nyuma yake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, machimbo hayo yalikuwa jangwa jeupe. Udongo wote ulikuwa umeondolewa. Sakafu ya timbo ilikuwa jiwe tupu lililochomwa na jua, na chini yake kidogo tu palikuwa na maji yenye chumvi. Bandu bandu huisha gogo, na hapa kilichokuwa kimebanduliwa ni ardhi yenyewe.

Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni hiyo, alianza kulitafutia timbo dawa. Alijaribu aina 26 za miti. Aina 3 tu ndizo zilizostahimili: mnazi, mti mmoja wenye asili ya Pembe ya Afrika, na mvinje. Mvinje ndio uliobeba kazi kubwa. Mti huu hustahimili chumvi, na katika mizizi yake huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huichukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mti. Kwa njia hiyo mvinje huweza kukua mahali ambapo hapana mbolea wala udongo.

Likazuka tatizo la pili. Majani ya mvinje ni mfano wa sindano, na yana ugumu unaozuia kuoza. Yalidondoka yakarundikana juu ya jiwe kama mkeka mkavu. Bila ya kuoza hapana udongo, na bila ya udongo hapana mti mwingine utakaoota. Ufumbuzi ulitokana na jongoo, yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu ambaye kila mtoto wa Pwani amewahi kumgusa kwa kijiti ili amwone akijikunja. Haller alibaini kwamba jongoo huyo huyala majani ya mvinje. Majongoo kwa maelfu mengi yakaletwa na kuachiwa huru chini ya miti. Yalikula, na kinyesi chao kikawa ndio udongo wa kwanza wa timbo.

Kutoka hapo mambo yalifuatana kwa mpango. Udongo ulipopatikana, ndege na popo walileta mbegu, na miti ya kiasili ya misitu ya Pwani ikapandwa kivulini. Mahali ambapo timbo lilikuwa limechimbwa hadi majini pakafanywa mabwawa. Ndani yake wakafugwa samaki aina ya ngege, mamba wakatunzwa, na mimea ya majini ikasaidia kuyasafisha maji. Pembeni mwa mabwawa matete yalishika, korongo na membe wakaja bila kualikwa. Sehemu hiyo ilifunguliwa kwa umma miaka ya 1980, na mwaka 1987 Haller alipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Baadaye hifadhi ikapewa jina lake.

Mzuru wa leo hupita chini ya vivuli hivyo akawaona twiga, pundamilia, nyati, kuro, viboko, mamba na kobe wakubwa wa kisiwa cha Aldabra. Twiga hulishwa na wageni kwa saa maalumu, na hapo ndipo msongamano wa wanafunzi huwa mkubwa. Lakini mwenye kutaka kuielewa hifadhi asiishie kuinua kichwa kumtazama twiga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akiinama chini ya mvinje, akaupekua mkeka wa majani, atauona udongo mweusi usiozidi kina cha vidole vichache, na chini yake jiwe. Huo ndio unene wa kazi iliyofanywa kwa miongo mitano.

Hadithi ya Owen na Mzee

Hifadhi hii imewahi kuutangaza mji wa Mombasa ulimwenguni kwa kisa ambacho msikilizaji wa ngano angekidhania ni hekaya. Mwishoni mwa mwaka 2004, mvua kubwa ziliwasukuma viboko wa mto Sabaki hadi baharini karibu na Malindi. Tarehe 26 Desemba mawimbi ya tsunami yalipofika, ndama mmoja wa kiboko alibaki peke yake juu ya mwamba. Wavuvi, wakazi na maafisa wa wanyamapori walishirikiana kumwokoa kwa nyavu, na akaitwa Owen kwa heshima ya mmoja wa waokoaji wake. Siku iliyofuata alifikishwa Bamburi.

Huko ndama alimwendea kobe dume wa Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 na aliyeitwa Mzee, akajificha nyuma yake kama mtoto afanyavyo kwa mamaye. Kobe alimkimbia mwanzoni, kisha akamzoea, na wawili hao wakawa wakila na kulala pamoja. Mwaka 2006 kisa hicho kilitolewa kitabu cha watoto, mmoja wa waandishi wake akiwa Paula Kahumbu, mwanaikolojia wa Kenya aliyekuwa akiisimamia hifadhi wakati huo. Mwaka 2007 Owen alitenganishwa na kobe na kuwekwa pamoja na kiboko mwenzake, kwani uzito wake ulikuwa umeshaanza kuwa hatari kwa Mzee.

Kisa hiki hupendwa kwa ajili ya huruma yake. Kina funzo jingine lisilosemwa sana: kiboko alipata pa kufikia kwa sababu timbo lilikuwa limeshakuwa na maji, matete na majani. Miaka 35 kabla ya hapo angefikishwa kwenye jiwe tupu.

Ufuo na Mwamba

Kutoka hifadhini, mtembezi huweza kwenda ufuoni, hasa ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambako familia za mjini hujaa siku za Jumapili na za sikukuu. Mbele yake, baharini, imo Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986. Sehemu ya ndani, yenye ukubwa wa kilomita mraba 10 hivi, hairuhusiwi kuvuliwa kabisa. Sehemu ya nje inayoizunguka, ya kilomita mraba 200 hivi, huruhusu uvuvi wa kienyeji.

Sababu ya kuigawa bahari namna hii hueleweka vizuri ukimfuata samaki mmoja, kikande. Kikande ana meno yenye nguvu, na chakula chake ni pamoja na wale viumbe wa miiba mirefu wanaowachoma miguu waogaji. Viumbe hao hukwangua mwamba wanapojilisha. Kikande akivuliwa hadi akaadimika, wao huongezeka bila kiasi na kuyala matumbawe na majani ya baharini. Akiachwa, huwapunguza, na mwamba hupata nafasi ya kukua. Samaki mwingine, pono, huyatafuna matumbawe yaliyokufa na kuyatoa yakiwa mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa Bamburi ni matumbawe yaliyosagwa, mengine na mawimbi, mengine na meno ya pono.

Hapa ndipo mzuru anapopata mnyororo kamili. Mwamba ulio hai umo baharini, unga wake ndio mchanga anaoukanyaga, na mwamba wa kale uliokufa ndio uliochimbwa timboni ukafanywa saruji ya nyumba yake. Tofauti ni kwamba timbo lilichimbwa kwa miongo, ilhali mwamba hukua kwa milimita kila mwaka. Tena mwamba huo hauko salama. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda kupita kiasi, na sehemu kubwa ya matumbawe hai ya Kenya yakapauka na kufa. Joto la namna hiyo limerudi baadaye, likiwemo la mwaka 2016. Ulinzi dhidi ya nyavu hausaidii kitu dhidi ya maji moto, ila mwamba wenye samaki wake timamu hupona upesi kuliko uliovuliwa ukabaki mtupu.

Ufuo wenyewe ni mazalio ya kasa. Jike hupanda usiku, huchimba shimo, hutaga mayai ambayo aghalabu huzidi 100, akarudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi vifaranga hutoka na kuufuata mwanga wa bahari. Taa kali za majengo ya ufuoni huwapoteza, wakaelekea nchi kavu na kufa. Kuta za majengo hayohayo zimekuwa pia chanzo cha malalamiko ya wenyeji, ambao kwa miaka mingi wameona njia za kwendea pwani zikizibwa moja baada ya nyingine. Mtoto wa Majengo na kifaranga cha kasa, kila mmoja kwa namna yake, wanaitafuta njia ya bahari.

Matope ya Tudor

Mzuru akirejea jioni, asidhani ziara imekwisha kwa kuvuka daraja. Hori ya Tudor, inayokizunguka kisiwa upande wa kaskazini, ina matope na mikoko iliyo karibu na Majengo kuliko hifadhi yoyote. Kenya ina aina 9 za miti ya jamii hii, nayo haichanganyiki ovyo. Mlilana hupenda ukingo unaoelekea bahari. Mkoko hukaa nyuma yake, ukisimama juu ya mizizi iliyopinda mithili ya miguu ya kaa. Mkandaa hukaa palipoinuka zaidi, na mchu hutoa mizizi iliyochomoza juu kama kalamu za risasi ili upate kupumua. Baina ya mizizi hiyo kamba na samaki wachanga hujificha, na kaa huchimba mashimo yanayoyapitishia matope hewa.

Msitu huu umeumizwa kwa njia nyingi. Ulikatwa kwa boriti na kuni, na ukamiminiwa maji machafu ya mji. Biashara ya kupeleka boriti Arabuni ilipigwa marufuku mwaka 1982, lakini ukataji wa matumizi ya nyumbani uliendelea. Katika mkono mwingine wa bahari ulio jirani, ule wa Makupa, mafuta yaliyomwagika mwaka 1988 yaliua mikoko. Hata hivyo, vikundi vya wenyeji pande za Mikindani na Jomvu vimekuwa vikipanda miche, na wapo waliojifunza kwa gharama kwamba mkoko uliopandwa mahali pa mkandaa hunyauka. Hilo ndilo somo la zile aina 26 za Bamburi: kurudisha si kupanda tu, ni kujua nini kipandwe wapi, na nini kitangulie nini. Mvinje wenyewe, mti uliolifufua timbo, sasa hupandwa na wakulima wa Pwani kwa ajili ya nguzo na fito, na hivyo huipunguzia mikoko mzigo wa kuujenga mji.

Adabu za Mzuru

Ziara ya namna hii huhitaji maandalizi machache. La kwanza ni kuyajua maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikizidi mita 3. Katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu. Anayetaka kuona viumbe wa mwambani aende maji yakipwa wakati wa bamvua, naye aanze kurudi mara yanapogeuka. La pili ni msimu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa safi na tulivu zaidi. Wakati wa kusi huchafuka.

La tatu ni mwenendo. Matumbawe hayakanyagwi, kwani unyayo mmoja huvunja ukuaji wa miaka. Kombe na kauri huachwa zilipo. Wanyama wa Haller hulishwa kile tu kinachotolewa na wahudumu, wala mamba hachokozwi kwa mawe ili asogee. Walimu wanaopeleka wanafunzi wawape kazi ya kufanya: kila mmoja arudi na majina kumi ya Kiswahili ya viumbe na miti aliyoiona, na amuulize mzee wa nyumbani majina mengine matano ambayo hakuyapata.

Hitimisho

Zoezi hilo la mwisho si dogo. Waandishi na wasemaji wa Kiswahili hupenda kusema kwamba mkoko umealika maua, wakimaanisha kuwa jambo ndilo kwanza linapamba moto. Mwanafunzi huutumia usemi huo katika insha bila ya kuwahi kuliona ua la mkoko, ilhali mkoko wenyewe haufiki mbali na dirisha la darasa lake. Fito, pau, mazio na korija nazo zinatoweka ndimi za vijana kwa sababu nyumba zilizozihitaji zimetoweka.

Makala haya yameonyesha kwamba Majengo na Bamburi ni pande mbili za jambo moja: kilichoinuka upande mmoja kilichimbwa upande wa pili. Hifadhi ya Haller imethibitisha kwamba timbo laweza kurudishiwa uhai, lakini si kwa miche peke yake, bali kwa subira na kwa kumheshimu hata jongoo. Matimbo mengine mengi ya Pwani bado yako wazi, na hori ya Tudor bado inapokea uchafu wa mji uliojengwa kwa miti yake. Mkazi wa Majengo aliyefanya ziara hii atarudi nyumbani, aegemee ukuta wake jioni, na ajue ulitoka wapi. Deni lijulikanalo ndilo lilipikalo.